Kadi Iliyotoka Mfukoni mwa Koti

Chumba cha Shangazi kilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulitazama barabara, umepakwa rangi ya kijani, na juu yake kibao: FUNDI WA KUREKEBISHA NGUO. Wa nyuma ulitazama kichochoro cha mapipa ya taka na bomba linalovuja. Sasa wewe mwenye akili zako, ungedhani wateja wanapita wapi? Wanapita nyuma. Wote. Wanaruka tope, wanaziba pua, wanagonga polepole kama mtu aliyekuja kuomba moto kwa jirani aliyegombana naye.

Ni kwa sababu ya kazi yenyewe. Shangazi hakushona nguo mpya. Alikuwa anaziba: tundu la sigara, meno ya panya, kwapa lililoachia, kiuno kilichokataa kufunga baada ya mwenye kiuno kunenepa. Na alikuwa anaziba kweli. Aligeuza nguo, akafumua pindo la ndani, akachomoa nyuzi za kitambaa kile kile, kisha akazifuma juu ya tundu, juu chini, juu chini, mpaka tundu lenyewe likasahau kwamba liliwahi kuwa tundu. Akimaliza, alipitisha ukucha kinyumenyume. Ukucha ukikwama, alifumua akaanza upya. Usipokwama, aliigeuza nguo ndani nje, akaifunga kwenye gazeti, basi. Mwenyewe alikuja kichochoroni, akaipokea, akasema, "Shangazi, mikono yako ina baraka," akachungulia kushoto na kulia, akatoka.

Kesho yake mkikutana barabarani kavaa nguo ile ile, hakujui.

Kila mtu alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Alikuwa ameshazoea mambo ya mlango wa nyuma, au tuseme alidhani amezoea. Hasira ni kama maji ndani ya ukuta. Huyaoni yakipanda, unaona tu siku moja rangi inabanduka.

Rangi ilianza kubanduka siku mwenye nyumba alipokuja.

Mwenye nyumba, watu walimwita Bwana Koti asipokuwapo, maana hakuna aliyewahi kumwona bila koti lake la kijivu. Jua liwake, mvua inyeshe, yeye na koti. Aliingia kwa mlango wa mbele, labda ndiye mtu pekee aliyeutumia, akasimama katikati ya chumba akiangalia kuta.

"Fundi, hujambo."

"Sijambo, baba. Karibu kiti."

"Sikai. Fundi, mimi nakaa hapo ng'ambo kila asubuhi nikinywa chai yangu, naangalia jengo langu. Saluni watu wanaingia. Kwa muuza maua wanaingia. Kwako sijaona hata paka."

"Watu wanakuja, baba."

"Wanapita wapi, kwenye dari?" Akatoa simu. "Nimekutafuta humu. Saluni ina nyota, watu wanaisifia. Yule anayeziba pancha, mchafu kama chini ya sufuria, ana nyota! Wewe? Hupo. Duka lisilo kwenye simu ni stoo, fundi. Na mimi sikujenga stoo."

Shangazi akabana sindano mdomoni.

"Sasa sikiliza. Kuna bwana anauza manukato, anakitaka chumba hiki. Mwisho wa mwezi nakuja naye apime. Kama una watu wanaokujua, waseme hapa, niwasome kwa macho yangu. Wasiposema, utanisamehe. Biashara ni biashara." Akajipigapiga kifuani, upande wa kushoto, pale chini kidogo ya mfuko. "Unaliona koti hili? Nililivaa siku ninasaini kununua jengo hili. Mpaka leo halijaguswa na sindano ya fundi. Kitu kizuri hakihitaji fundi."

Akatoka na mlango wake wa mbele.

Shangazi akaitoa sindano mdomoni, akaitazama kama vile imemtukana yeye. Pale pale alipojipiga yule bwana, chini kidogo ya mfuko, palikuwa na alama ya pasi. Yaani ilikuwapo. Mkewe ndiye aliyepitiwa, pasi ikakaa, kitambaa kikaungua kikawa rangi ya kahawia. Alikuja kichochoroni analia kamasi na machozi pamoja. "Dada, nifiche. Akijua nimeliunguza koti lake la bahati, mimi sina maisha." Shangazi alimficha. Alichomoa nyuzi kwenye pindo la chini, akafuma mpaka macho yakamtoka maji, na Bwana Koti akalivaa asubuhi, akaenda kunywa chai yake, hakujua hata kidogo.

Na leo lile lile koti ndilo linakuja kumfukuza.

*

Mke wa mwanawe alifanya kazi kwenye kibanda cha kuuza simu, na alikuwa na mdomo mwepesi, lakini moyo wake mzuri. Alipoambiwa, alipiga kofi paja lake.

"Mama, hilo jambo dogo. Ukurasa nakufungulia leo leo. Wewe waombe tu wateja waandike maoni. Kila mtu anafanya hivyo. Unamwambia, ndugu, kama umefurahi, niachie nyota."

"Mimi niombe sifa?"

"Siyo sifa, ni maoni."

"Mtu akisifiwa kwa kuomba, mwanangu, hajasifiwa. Amepewa sadaka."

"Basi omba sadaka, mama, chumba kinaondoka!"

Akaomba. Ilimuuma kama kung'oa jino, lakini aliomba. Alianza na bibi harusi aliyekuja kichochoroni kuchukua gauni. Gauni hilo lilikuwa la mtu mwingine kabla yake, na kwapani lilikuwa limechanika mpaka mbavuni. Sasa lilikuwa kama limetoka kiwandani.

"Shangazi! Nikuandikie? Wakwe zangu nimewaambia limetoka ng'ambo. Unataka ndoa ivunjike hata keki haijakatwa?"

Akamwomba mwalimu mmoja mnene, mcheshi.

"Niandike nini? Kwamba umeniongezea kiuno? Si nimejitangaza mwenyewe? Watoto wa shule siku hizi wanasoma kila kitu isipokuwa vitabu."

Akamwomba mama mmoja mpole aliyekuwa mteja wake tangu ujana wao wote wawili. Yule mama akamshika mikono yote miwili.

"Mimi nakuombea kila siku, Shangazi. Kila siku, asubuhi na jioni."

"Ahsante. Lakini maombi yako mwenye nyumba hayasomi."

Yule mama akacheka, akadhani ni utani, akachukua kifurushi chake, akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akaenda.

Shangazi alibaki ameshika mlango. Aliwatazama wakitoka mmoja mmoja, wamevaa kazi yake, wamenyoosha migongo, wakifika barabarani wanatembea kama waliozaliwa na nguo nzima. Akausukuma mlango kwa nguvu, bawaba ikalia.

"Mama, polepole," mkwe wake akasema. "Nimepata njia. Wanaogopa kuombwa uso kwa uso. Tutengeneze kadi. Kadogo tu, kenye kale kamraba ka madoadoa, mtu anakapiga kwa kamera ya simu, ukurasa unafunguka, anaandika akiwa kwake, peke yake. Nitaziweka kwenye nguo."

Shangazi alikuwa ameinamia kola ya shati, ana sindano mdomoni na hasira kooni.

"Weka popote," akasema. "Weka hata machoni mwao."

Hilo ndilo lilikuwa kosa, na lilikuwa la wote wawili. Mmoja aliyejua siri hakuuliza kadi zimeandikwa nini. Mwingine aliyejua kuandika hakujua kwamba nguo zile zina siri kiasi gani. Kadi zilikuja nzuri, zinang'aa, na juu yake, chini ya jina la duka: *Ahsante kwa kutuletea nguo yako! Ilikuwa imeharibika, sasa haijulikani kama ilizibwa. Umefurahi? Tupe nyota.*

Wiki ile ile Bwana Koti akaugua mafua, akalala. Mkewe akaona ndiyo nafasi. Akaja kichochoroni na koti ndani ya mfuko wa sokoni, juu yake kaweka mboga.

"Nondo, dada. Begani. Sijui wameingia lini kabatini. Akiamka atalitaka."

Shangazi alilitazama lile koti kwa muda mrefu. Angeweza kusema, nenda kamwambie mumeo aje mwenyewe. Angeweza kusema, mumeo ananifukuza, na wewe waniletea nondo wake. Lakini macho ya yule mama tayari yalikuwa mlangoni.

"Kesho jioni," Shangazi akasema.

Kesho jioni bega lilikuwa zima. Ukucha ulipita bila kukwama. Shangazi akaenda msalani, mkwe akalikunja koti, na kwa roho safi kabisa akatumbukiza kadi kwenye mfuko wa kifuani.

*

Watu waliokuwapo ndio waliosimulia baadaye, na kila mmoja aliongeza chumvi yake, lakini jambo lenyewe lilikuwa hili. Bwana Koti alipopona alikwenda kukutana na yule mwuza manukato na wenzake, watu wa viatu vinavyong'aa. Wakasalimiana, wakapeana kadi za biashara. Bwana Koti naye akatia mkono mfuko wa kifuani kwa madaha, akatoa kadi, akampa mwuza manukato bila kuitazama.

Mwuza manukato akaisoma. Akaisoma tena. Akamtazama bwana yule kuanzia kola mpaka pindo.

"Hongera," akasema. "Kweli haijulikani."

Asubuhi iliyofuata mlango wa mbele ulifunguka kwa teke. Bwana Koti alisimama hapo bila koti. Alikuwa amelishika mkononi kama mtu aliyekamata kuku mwizi, na bila hilo koti mabega yake yalionekana membamba sana.

"Nani kaleta koti langu hapa?"

Mkwe, aliyekuwa anakunja nguo, akaona kadi katika mkono mwingine wa yule bwana, akajua. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "niliweka mimi."

"Nakuuliza wewe, fundi! Nani?"

"Kadi ni kosa letu," Shangazi akasema, akasimama. "Hapo nakuomba radhi, na inatoka moyoni. Lakini nani kaleta, hilo sisemi."

"Husemi? Ndani ya jengo langu?"

"Hata ndani ya kaburi langu. Anayegonga mlango ule simtaji."

"Ni dobi, sivyo? Nitamfukuza leo!"

"Siyo dobi. Usimwonee mtu."

"Basi nani!" Akaanza kulipekua koti. Aliligeuza, akalipeleka mlangoni kwenye jua, akalisogeza puani kabisa, akapapasa kifua, akapapasa mgongo, akapapasa mikono. "Mmeziba wapi? Nionyeshe! Mmelifanya nini koti langu?"

Watu walikwishaanza kusimama barabarani. Wasusi wa saluni walitoka na vitana mikononi. Muuza maua alitoka. Mtu wa pancha alitoka, mweusi kwa grisi. Kwa nyuma yao, Shangazi akawaona wengine: mwalimu mnene yupo, yule mama wa maombi yupo, wamesimama upande wa pili wa barabara kana kwamba walikuwa wanapita tu. Akawatazama. Nao wakatazama chini.

Hapo ukuta ukadondoka wote.

"Unauliza wapi?" akasema, na sauti yake ilitoka kubwa mpaka mwenyewe akashtuka. "Tafuta! Una macho, tafuta! Umekuja hapa ukaniambia sina mtu anayenijua. Ninao. Wamejaa hii barabara. Wamenivaa! Wamenivaa kama nguo ya ndani: karibu na ngozi, na ole wake atakayeniona. Wakipita hapa nawajua kwa mshono. Nikiwaomba neno moja tu, neno, waniambia watakuwa na aibu. Aibu ya nini? Nguo yako kuchanika siyo dhambi. Dhambi ni kumwachia tope mtu aliyekusitiri, wewe ukaenda zako!"

Mwalimu akaangalia saa ambayo hakuivaa.

"Usinibadilishie maneno," Bwana Koti akasema. Jasho lilikuwa linamtoka. "Nitajie mtu, nikuachie chumba. Usiponitajia, mwisho wa mwezi unatoka."

Mkwe akamshika Shangazi mkono. Chumba kile ndicho kilichomlea mumewe, mwana wa Shangazi. Alitambaa chini ya meza ile ya kukatia.

"Kapime," Shangazi akasema. "Leta na kamba yako."

"Nitakuandika!" Bwana Koti akapiga kelele. "Ulitaka kuandikwa? Nitakuandika!" Akaketi pale pale kwenye ngazi, koti mapajani, akaanza kubonyeza simu kwa kidole kimoja, anabonyeza kama mtu anayeua siafu.

Mkwe aliyasoma maoni hayo mchana, walipobaki wawili. Nyota moja. Na maneno: *Watu wabaya. Wametengeneza koti langu bila ruhusa yangu. Nimelikagua mimi, amelikagua mke wangu, amelikagua na daktari wa macho, hatuoni hata pale walipopashika. Msiende.*

Mkwe akaanza kucheka, akaziba mdomo, kicheko kikapenya kwenye vidole. "Mama, hii ni sifa! Hakuna sifa kama hii!"

Shangazi hakucheka.

"Kwa hiyo katika watu wote niliowasitiri," akasema, "aliyefungua mdomo ni adui yangu."

Akatoka, akaenda kwa mtu wa pancha kuazima nyundo. Alirudi na misumari na ubao wa kreti, akaupigilia mlango wa nyuma. Alipiga vibaya, msumari wa kwanza ukapinda, akaung'oa akapiga tena. Kichochoro kizima kilimsikia.

Siku zilizofuata waligonga. Walikuwa wanagonga vile vile, polepole. "Shangazi. Shangazi, ni mimi."

"Zunguka mbele!"

Nyayo kwenye tope, zinakwenda, na mlango wa mbele haufunguki. Kazi ikapungua mpaka Shangazi akaanza kuziba matambaa yake ya kufutia cherehani. Mkwe akamsihi: mama, fungua nyuma angalau upate kula. "Nikila kwa mlango ule," Shangazi akajibu, "nitakula mpaka lini nikiwa nimejificha na mimi?"

*

Mwisho wa mwezi ulifika. Bwana Koti akaja na mwuza manukato, na kweli alileta futi ya kupimia. Alikuwa amevaa koti. Hakumsalimia mtu. Akashika ncha moja ya futi, mwuza manukato akashika nyingine, wakaanza kupima ukuta, juu ya cherehani, juu ya kichwa cha Shangazi, kana kwamba naye ni samani itakayotolewa. Shangazi aliendelea kukanyaga cherehani. Alikuwa anashona kitambaa kitupu, mstari juu ya mstari, ili mguu usisimame.

Kichochoroni pakagongwa.

"Dada. Dada, nifungulie."

Futi ikalegea mkononi mwa Bwana Koti. Sauti ile aliijua. Ndiyo iliyokuwa inamwamsha kila siku.

Shangazi naye aliijua. Akaacha cherehani. Angeweza kunyamaza, yule mama akaondoka, siri ikabaki siri. Lakini alikuwa ameshapigilia misumari.

"Zunguka mbele," akasema.

Nyayo zikaenda kwenye tope. Mwuza manukato akakohoa. Kisha mlango wa kijani ukasukumwa, na mke wa mwenye nyumba akaingia, kilemba kimekaa upande, viatu vina matope. Akamwona mumewe. Kila mtu mle ndani aliona miguu yake inataka kurudi.

Haikurudi.

"Kwa hiyo ni wewe," Bwana Koti akasema.

"Ni mimi." Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilipanda ngazi. "Mimi ndiye niliyeliunguza kwa pasi, hapo kifuani unapojipiga kila siku. Mimi ndiye niliyeleta bega, walipokula nondo. Na suruali ya kijivu uliyovaa, nayo ilichanika makalioni. Ulipoinama kwenye harusi ya binti yetu, kama haikuzibwa ungeonekana mpaka moyo. Huyu ndiye aliyekuvalisha! Na umemwuliza mbele ya watu, hakunitaja. Umemfukuza dobi wa watu, kijana hana kosa, nami nimekaa nyumbani nakupikia. Nimechoka kuogopa koti, baba watoto. Ni koti!"

Bwana Koti aliweka mkono kifuani, chini ya mfuko, akauondoa kama vile pasi bado ina moto.

Mwuza manukato akaiviringisha futi yake taratibu. "Mzee wangu," akasema, "mimi nauza harufu nzuri. Sehemu iliyoanza na kelele hivi siitaki. Nitatafuta kwingine." Akafika mlangoni, akasita, akarudi hatua, akainua kiwiko. Bitana ya koti lake ilikuwa inaning'inia. "Shangazi, samahani. Hii nayo inazibika?"

"Ingia kwa zamu yako," Shangazi akasema. "Na utaacha jina."

Bwana Koti alitoka. Nje alisimama kwenye jua, watu wanamtazama, akalivua koti, akalitundika mkononi, akavuka barabara kwenda kwenye chai yake. Kuhusu chumba hakusema tena, siku ile wala nyingine. Nyota yake moja hakuifuta.

Mke wake alikuwa bado amesimama, machozi yanamtiririka, anamwangalia Shangazi kama anayengoja kukumbatiwa. Shangazi hakumkumbatia. Alivuta kiti, akakipangusa.

"Kaa. Una simu?"

"Ninayo, dada."

"Andika. Hapa hapa, nikikuona. Jina lako lote, na la baba yako kama litaenea. Pasi, nondo na suruali."

"Na suruali?"

"Hasa suruali."

Yule mama akaanza kuandika, mkwe anamwonyesha pa kubonyeza. Shangazi alirudi kwenye cherehani. Hasira yake haikuwa imeisha, ilikuwa imekaa tu, kama mgeni aliyepewa kiti.

Nyuma, kichochoroni, mtu akagonga polepole. "Shangazi," sauti ya mwalimu ikanong'ona, "upo?"

"Zunguka!"